UZI: Njia ya msituni kando ya Ziwa Superior, kuitembea kwa vipande kwa sisi wenye kazi za shifti

Mzawa wa Muleba

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kuna ndugu aliuliza sisi tuliopo Minnesota tunakwenda wapi siku za mapumziko, ukiacha maduka na nyama choma za paki. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora lipate uzi wake.

Toka Minneapolis mpaka Duluth ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Huko ndiko iliko njia ya miguu inayoitwa Superior Hiking Trail. Inaanzia mpakani na Wisconsin, inakatiza mji wa Duluth, kisha inashika migongo ya vilima vinavyolitazama Ziwa Superior na kwenda nalo mpaka karibu na Kanada. Urefu wake ni zaidi ya maili 300, kwa kilomita karibu 500. Hakuna kiingilio wala kibali. Msituni kuna kambi zaidi ya 90 za kupiga hema, zina mahali pa kuwashia moto na choo cha shimo, na ni bure. Hakuna kuweka nafasi mapema: aliyetangulia anapiga hema, anayefuata anasogezewa nafasi. Njia inasimamiwa na chama kilichoundwa mwaka 1986, na kazi nyingi ya kufyeka, kujenga vidaraja na kutandika mbao kwenye matope inafanywa na watu wanaojitolea.

Wapo wanaoitembea yote kwa mkupuo, wiki kadhaa mfululizo. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti za usiku, wikiendi moja kazini moja nyumbani, na likizo ndefu nikiipata naipeleka kwa mama Muleba. Kwa hiyo naitembea kwa vipande. Kipande nilichokimaliza nakitia wino kwenye ramani, kinachofuata kinasubiri zamu yake. Na nasema kwa uhakika kwamba kwa mfanyakazi hii ndiyo namna bora, hata kama ningepewa mwezi mzima wa kutembea. Anayepita kwa mkupuo anauona msitu katika majira mamoja. Anayekwenda kwa vipande anachagua: maporomoko anayafuata theluji ikiwa imetoka kuyeyuka na mito imefura, miti ya mepo (maple) anaifuata mwisho wa Septemba ikiwa imewaka nyekundu na njano, na kipande chenye mabwawa na matope mengi anakiacha mpaka Agosti pakauke.

Kinachorahisisha ni barabara ya 61. Yenyewe inafuata ziwa huku chini, njia inafuata vilima kule juu, na kila baada ya kilomita chache kuna kibarabara kinachopanda hadi maegesho ya njia. Mara nyingi kutoka maegesho hadi maegesho ni kati ya kilomita 5 na 16. Unakata kipande kinachotosha siku yako.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyopata nafasi. Vipande nilivyovipenda nitavieleza kimoja kimoja.

Kipepeo wa Amani

Naweka kambi hapa. Mkuu swali la kwanza ni lile lile la kila mtu: dubu?

Mzawa wa Muleba

@Kipepeo wa Amani wapo, dubu weusi. Ni waoga, wakisikia watu wanaongea wanaondoka. Tatizo la dubu ni pua. Ananusa chakula kutoka mbali sana, na akishapata mara moja kwenye kambi atarudi kambi ile ile usiku hadi usiku, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Kwa hiyo kutunza chakula ni kumlinda yeye pia. Weka chakula chote kwenye lile kopo gumu la plastiki ambalo dubu hawezi kulifungua, liache mbali na hema. Usipikie hemani. Dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kujipaka vinaingia humo humo.

Mbwa mwitu nao wapo. Utaona nyayo tu.

Nyanza Girl

Habari zenu, mimi ni Mkenya niko Brooklyn Park. Nimekuwa nikiona hizo alama za trail nikienda Duluth na watoto lakini sijawahi kushuka kwa gari. Kaka, hilo ziwa likoje ukilinganisha na letu? Nimelelewa Homa Bay.

Mzawa wa Muleba

Dada Nyanza Girl karibu sana, ziwa letu ni moja.

Sisi wa kandokando ya Victoria tumekua tukifundishwa kwamba ziwa letu ni la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Sasa hili ndilo la kwanza. Superior ni kama kilomita za mraba 82,100, Victoria ni kama 68,800. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, vilevile kama Bukoba. Tofauti kubwa ni kina. Victoria pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi, hili linafika mita 406. Na maji yake kwa wastani wa mwaka yapo nyuzi 4 hivi. Hata Julai ukiingiza miguu utaitoa mwenyewe. Watoto wasiachwe kuogelea pale kama wanavyoogelea Homa Bay, baridi ile inakata pumzi ya mtu mzima kwa dakika chache.

Jambo moja nikwambie mapema usije ukavunjika moyo: njia haipiti ufukweni. Inapita juu, msituni, na ziwa linakutokea pale miti inapoachia mwamba. Ufukweni kabisa inashuka sehemu moja tu ya maana, mbele ya Grand Marais, maili moja na nusu hivi unatembea juu ya kokoto. Kokoto zile zinachosha vifundo vya miguu kuliko mlima wowote wa njia hii.

Mwalimu wa Jiografia

Niongeze kidogo hapo kwa faida ya wengi. Miamba myeusi mnayoikanyaga huko ni lava. Takriban miaka bilioni 1.1 iliyopita bara la Amerika Kaskazini lilianza kupasuka kama linavyopasuka letu la Afrika Mashariki sasa hivi. Lava ikatoka kwa wingi mno, kisha mpasuko ukasimama kabla bahari haijaingia. Ardhi ya katikati ikazama kwa uzito wa lava, na baadaye sana barafu nene za enzi ya barafu zikaja kuchimba na kupanua lile bonde. Likajaa maji, ndiyo Superior. Mtu aliyeona miamba ya lava kule kwenye Bonde la Ufa anaweza kuona jamaa yake hapo.

Ila kwa wingi wa maji Tanganyika yetu inalipita Superior. Tanganyika ina kina cha mita 1,470.

Mzawa wa Muleba

@Mwalimu wa Jiografia ahsante sana mwalimu. Kuna mlima unaitwa Carlton Peak, kileleni futi 1,526, mita 465. Mwamba wake si mweusi, ni mweupe wa kijivu, na nilikuwa najiuliza kwa nini.

Mwalimu wa Jiografia

Huo ni anothositi. Ni jiwe lililoganda chini kabisa ya ardhi, likabebwa juu na magma likiwa bonge zima. Ni gumu kuliko miamba iliyolizunguka, ndiyo maana mengine yamelika na lenyewe limebaki limesimama.

Mzawa wa Muleba

Basi tuanze vipande.

Kipande cha Gooseberry hadi Split Rock. Gooseberry ni hifadhi ya jimbo, maporomoko yako dakika chache kutoka kwenye maegesho, watu ni wengi mno. Ukishavuka kelele hizo na kuingia msituni unabaki peke yako. Miti ni misonobari, mierezi, na ile yenye gome jeupe linalobambuka. Fuata alama za bluu zilizopakwa kwenye vigogo, mstatili uliosimama wima, ndiyo njia kuu. Ukiona nyeupe ujue ni kichochoro cha kwenda kwenye kambi ya pembeni, mtazamo au maegesho.

Split Rock ndiko ulipo mnara wa taa wa meli. Novemba 1905 dhoruba iliharibu meli nyingi katika ziwa hili, ndipo serikali ikajenga mnara juu ya genge. Taa ikawashwa 1910, ikazimwa rasmi 1969. Lakini kila Novemba 10 inawashwa tena jioni. Siku hiyo mwaka 1975 meli Edmund Fitzgerald, iliyobeba madini ya chuma, ilizama kwenye ziwa hili na wafanyakazi wote 29. Wanasoma majina yao, kila jina kengele moja, na mwisho kengele ya thelathini kwa ajili ya wote waliopotea majini.

Nilikwenda kipande hiki mwezi huo makusudi niione. Niliyelelewa Muleba sihitaji kuelezwa maana ya kengele ile. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama na watu wetu Ziwa Victoria.

Babu wa Igoma

Umenigusa kijana. Mimi nakaa Mwanza, jirani na makaburi yao. Wenzetu kukumbuka 29 kwa majina kila mwaka, na sisi tulipoteza mamia. Mungu awarehemu wote. Endelea, nasoma.

Mzawa wa Muleba

Shikamoo Babu. Ameni.

Tahadhari kwa anayetaka kutembea Novemba: ni msimu wa kuwinda paa kwa bunduki. Usiingie msituni bila kizibao na kofia ya rangi ya chungwa kali. Watembeaji wengi huacha kabisa wiki hizo, na kwa mgeni nashauri hivyo hivyo.

Kipande cha Silver Bay hadi Tettegouche. Hiki ndicho kigumu nikipendacho. Unapanda na kushuka, mizizi na mawe, goti litasema. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi unatokea ukingoni mwa genge, na chini yako kuna maziwa mawili madogo, Bean na Bear, yamelala ndani ya msitu. Wengi hugeuzia hapo kwa njia ya mzunguko na kurudi walipoegesha. Ukiendelea, msitu wa mepo unafunga juu, kivuli kizito, mpaka unaingia hifadhi ya Tettegouche na kukuta poromoko kubwa la mto Baptism, karibu mita 19.

Toka juu ya vilima vya Silver Bay utaona pia kiwanda cha madini ya chuma pembeni mwa ziwa. Mpaka mwaka 1980 mabaki ya kusaga mawe yalimwagwa ziwani humo, maelfu ya tani kila siku, na ilichukua kesi ya miaka mingi mahakamani kuwafanya wayapeleke nchi kavu. Nalitaja kwa sababu ukisimama pale unaona uzuri na unaona kiwanda kwa jicho hilo hilo moja, na kwa watu wa Geita na Kahama si jambo geni.

Chapati Tatu

Mkuu vipi maji ya kunywa na msosi? Na vifaa? Nikiangalia bei ya hema na mabegi ya huku nakata tamaa.

Mzawa wa Muleba

Maji ni ya mitoni, kambi nyingi ziko karibu na kijito. Chuja kwa kichujio au chemsha, usinywe hivi hivi hata kama yanang'aa. Agosti na Septemba vijito vidogo hukauka, kwa hiyo jaza chupa kila unapovuka mto mkubwa.

Chakula, jina lako limeshajibu. Chapati zinakaa siku mbili bila shida. Karanga, tende, ndizi, mayai ya kuchemsha kwa siku ya kwanza.

Vifaa ndiyo faida nyingine ya vipande ambayo watu hawaisemi. Kipande cha siku moja hakihitaji hema wala begi la kulalia. Anza na viatu vyenye kushika chini, koti la mvua, maji, tochi, ramani ya karatasi na nguo ya kubadili iliyo kavu. Epuka pamba mwilini, ikilowa haikauki na utatetemeka hata Juni. Mengine utanunua polepole, yaliyotumika ni rahisi. Usiitegemee simu sana, kwenye mabonde mtandao haupatikani.

Sista Zuhura RN

Naomba niweke la kitabibu. Minnesota kuna kupe wadogo wa paa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Wachanga wao wana ukubwa wa mbegu ya mchicha, huwezi kuwaona usipotafuta. Vaa suruali ndefu, chomeka ndani ya soksi, nguo zitiwe permethrin, dawa ya kuua kupe. Ukirudi jikague mwili mzima: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, nywele. Ukimkuta mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu. Usimchome moto, usimpake mafuta. Kwa kawaida anahitaji kukaa zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, ndiyo maana kujikagua siku hiyo hiyo kunasaidia sana. Baada ya hapo ukiona wekundu unaotanuka au homa ndani ya mwezi, muone daktari na umwambie ulikuwa msituni.

Wale inzi weusi wadogo wa Mei na Juni ni jamii moja na wale wanaoeneza usubi, ule ugonjwa wa upofu, kule Mahenge. Huku hawaenezi ugonjwa huo ila wanauma mpaka damu. Chandarua cha kichwani ni dola chache.

Mzawa wa Muleba

Dada Zuhura ubarikiwe, hii post ichapishwe.

Nyanza Girl

Kaka nikuulize kitu bila kuficha. Mwanamke, Mwafrika, msituni huko juu kwa vijiji vya wazungu. Tunaangaliwaje?

Mzawa wa Muleba

Swali la haki kabisa. Kwa upande wangu kwenye njia nimesalimiwa na kila niliyekutana naye, tunaulizana hali ya matope mbele, basi. Mara moja moja kwenye duka la barabarani nimetazamwa kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Haijazidi hapo. Lakini mimi ni mwanaume, siwezi kukujibia lote. Labda dada aliyekwenda aseme.

Mama Wawili

Mimi nimekwenda, na wenzangu wawili tunaofanya kazi pamoja. Hatujapata tatizo. Tunaacha ratiba kwa mtu wa nyumbani: tunaanzia wapi, tunamalizia wapi, tukichelewa zaidi ya saa fulani apige simu. Kwenye kitabu cha wageni kilichopo mwanzo wa njia tunaandika idadi yetu tu, majina kamili hapana. Usiku wa kwanza msituni sikulala, kila jani likianguka naamka. Wa pili nililala kuliko nyumbani.

Jambo ambalo sikulitegemea: wanangu walipoona picha wakadai kwenda. Sasa tunaanza nao Duluth, vipande vifupi, Enger Tower na Hawk Ridge. Septemba pale Hawk Ridge mwewe hupita kwa maelfu wakielekea kusini, kwa sababu hawapendi kuvuka maji makubwa wanafuata ukingo wa ziwa.

Kipepeo wa Amani

Mzawa, lile shimo linalomeza mto umelifikia? Niliona picha nikadhani ni uongo.

Mzawa wa Muleba

Devil's Kettle, nimelifikia. Liko hifadhi ya Judge C. R. Magney, mbele ya Grand Marais. Mto Brule unafika kwenye mwamba na kugawanyika. Upande mmoja unaporomoka kama kawaida na kuendelea na safari. Upande wa pili unatumbukia kwenye shimo na hauonekani ukitokea popote. Kwa miaka watu walitupa vitu mle wakisubiri viibuke ziwani, visiibuke. Mwaka 2016 wataalamu wa maji wa jimbo wakafanya jambo rahisi: wakapima mto juu ya shimo, wakapima tena chini yake. Juu walipata futi za ujazo 123 kwa sekunde, chini 121. Yaani karibu sawa. Maji yanarudi mtoni kwa chini ya ardhi, hayapotei. Vitu vilivyotupwa vinasagwa na nguvu ya maji.

Nilipokuwa nimesimama pale nikijua jibu, bado nililitazama lile shimo muda mrefu. Kutoka maegesho si mbali, ila kuna ngazi nyingi sana za mbao. Gari likiingia hifadhi za jimbo linahitaji stika ya kulipia, ya siku au ya mwaka. Maegesho ya njia yaliyo nje ya hifadhi ni bure.

Mto Sebeya

Nafuatilia toka Rubavu, Rwanda. Kwa walioko nyumbani, huku tuna Congo Nile Trail kando ya Ziwa Kivu, toka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, na imegawanywa katika hatua kumi, kwa hiyo nayo inafaa sana kwa vipande. Msitu si mwingi kama huo, mnapita mashamba ya kahawa na chai na vijiji, watoto watawasindikiza. Kiswahili kinasaidia, hasa upande huu wa karibu na Goma.

Mzawa wa Muleba

@Mto Sebeya hiyo naipeleka kwenye likizo ijayo, toka Muleba si mbali. Nitakutafuta.

Nyanza Girl

Mimi nimeamua. Kipande gani cha kuanzia, mtu wa miaka 47, presha iko kwa dawa, daktari ameniruhusu kutembea? Na gari nitaiacha wapi kama sirudi nilikotoka?

Mzawa wa Muleba

Britton Peak hadi Oberg, karibu na Tofte. Kama kilomita 9, kupanda kupo ila hakuui, na ukifika Oberg kuna mzunguko mfupi wa kileleni, kwangu mimi hakuna mahali pazuri zaidi kutazama mepo. Gari ni hivi: acha gari lako mwisho wa kipande, kisha upelekwe mwanzo, ili uwe unatembea kulielekea gari lako mwenyewe. Humkimbizi mtu, humsubirishi mtu. Majira ya joto kuna mabasi madogo ya kulipia yanayopeleka watembeaji, au mnakwenda na magari mawili.

Wikiendi za mwisho wa Septemba maegesho ya Oberg yanajaa asubuhi mapema, watu wanaegesha mpaka barabarani. Sisi wa shifti hapo tuna bahati, off zetu ni katikati ya wiki.

Mama Wawili

Mimi niko off Jumanne ya mwisho ya Septemba. Nyanza Girl, nije na gari langu, tuache lako Oberg?

Nyanza Girl

Jumanne niko. Nimebadilishana shift sasa hivi.

Mzawa wa Muleba

Nami nipo. Saa nne asubuhi maegesho ya Oberg. Dada Nyanza Girl, usisahau dawa za presha na nguo ya kubadili. Chapati nitaleta mimi.